Klabu ya Vijana: Mgeni Akifika, Nani Anampokea?

(Mazungumzo na viongozi wa klabu za vijana na vikundi vya kujisaidia, Garissa)

Tunajua kuna waliopanda gari alfajiri kutoka Hola na Bura, na kuna waliokuja kwa miguu kutoka bula za hapa mjini, na jua la Garissa halimhurumii mtu hata saa tatu asubuhi.

Tumeombwa tuzungumze juu ya jambo ambalo kamati nyingi zimelileta kwetu. Wanachama wapya hawakai. Wanakuja, wanaandikwa katika daftari, wiki tatu nne zinapita, hawaonekani tena. Wenyekiti wanasema vijana wa siku hizi ni wavivu, wanapenda simu na miraa. Labda. Lakini tulipoyafuata majina hayo moja moja mpaka nyumbani, tulikuta mambo mengine.

Tuanze na kijana mmoja. Jina lake tutaliacha. Alikuwa na miaka 17. Familia yake ni wafugaji, na ule ukame ambao mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020 mpaka 2022, uliwamaliza ng'ombe ukabakiza mbuzi wachache. Mama akahamia pembeni ya mji na watoto, akaanza kuuza maziwa ya watu wengine. Kijana akasikia kuna klabu yenye mpira, bustani na mafunzo ya ushonaji. Akaja Jumamosi nne. Ya tano hakuja, na hakuna aliyeona pengo mpaka siku ya kugawa jezi, jina lake liliposomwa asiitike mtu.

Baada ya miezi mingi tulimkuta stendi akipakua magunia. Tukamwuliza, mbona ulituacha? Akacheka kidogo, akasema, "Mwalimu, mimi pale nilikuwa mwokota mpira tu. Hata jina langu hawakulijua."

Tulirudi kwa mwenyekiti. Alikasirika kweli kweli. "Sisi hatukumfukuza mtu!" Na alisema ukweli, hakuna aliyemfukuza. Wale vijana wanajuana tangu darasa la kwanza. Wana utani wao, wana mahali pao pa kukaa chini ya mwarobaini, na mgeni akifika wao wanaendelea tu kama kawaida. Kwao hiyo ni klabu iliyochangamka. Kwa aliyesimama pembeni huo ni ukuta.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi wetu tunaitumia methali hii kumwambia mgeni kwamba chakula cha bure kimekwisha. Hebu tuitazame kutoka upande wa mgeni. Anayepewa jembe amehesabiwa kuwa mtu wa nyumba ile. Klabu zetu zinakosea kotekote: nyingine zinampa jembe siku ya kwanza, yaani kufagia na kuokota mipira, na nyingine hazimpi kamwe, mwaka mzima yeye ni mtazamaji.

Tulijaribu jambo hili katika klabu mbili. Jumamosi mbili za kwanza mgeni hapewi kazi. Anapewa mwenyeji, kijana wa rika lake, wa kukaa naye, kumtaja kwa jina mbele ya wengine, na kumweleza kwa nini watu wanacheka. Jumamosi ya tatu anapewa kazi yenye jina: kushika ufunguo wa stoo, kupanga zamu za maji ya bustani, kuandika mahudhurio. Mwenye ufunguo asipokuja watu wote wanajua hayupo, na mtu anatumwa kwao. Katika klabu ya kwanza mpango huu ulifaa sana. Katika ya pili haukushika, kwa sababu mwenyekiti aliwachagua wenyeji kwa upendeleo, karibu wote ndugu zake, na wageni wakaona ni jamaa ile ile. Ni vizuri tuseme na yaliyoshindikana.

Majina tunayoitana

Hapa tukae kidogo. Garissa ina Wasomali wa koo mbalimbali, ina Wamunyoyaya na Wamalakote wa kando ya mto, Waorma, Wapokomo waliotoka kule chini ya Tana, na watu wa bara waliokuja na kazi za ualimu, polisi, ufundi na biashara. Mtu wa bara anamwita Msomali "warya" akidhani ni jina la kabila. Kumbe kwa Kisomali ni neno la kumwita mwanamume tu, kama kusema "we jamaa". Likitoka kwa rafiki halina neno. Likitoka kwa askari kwenye kizuizi linauma, na kijana aliyeitwa hivyo barabarani asubuhi hapendi kuitwa hivyo klabuni jioni. Wenyeji nao wanawaita watu wa bara "nywele ngumu", halafu wanasema ni mzaha.

Tulimsikia msichana wa kidato cha pili, mtoto wa fundi wa mabomba, akisema: "Nimezaliwa hapa Garissa. Nikienda kwa nyanya naambiwa mimi ni wa Garissa. Nikija klabu naulizwa kwetu ni wapi." Hakusema kwa hasira, ndiyo maana tunayakumbuka maneno yake.

Na lugha je? Klabu moja iliweka faini ya shilingi kumi kwa kila anayezungumza Kisomali mbele ya mgeni asiyekijua. Nia ilikuwa njema, lakini matokeo yalikuwa mabaya. Nani atapenda mahali ambapo lugha ya mama yake inatozwa faini? Sisi tunaona hivi: mambo ya pesa, ratiba na kamati yasemwe kwa Kiswahili, kila mtu asikie kwa masikio yake. Mzaha usemwe kwa lugha yoyote, bora aliyekaa karibu na mgeni atafsiri. Na mgeni naye ajifunze kusema "iska warran". Haichukui hata dakika.

Wengine mtasema, hayo ni mambo madogo. Tuwakumbushe Wajir. Mnamo 1992 na 1993 koo zilipokuwa zikipigana kule, vita viliingia hata sokoni: mama wa ukoo huu hauzi kwa mama wa ukoo ule, hata nyanya moja. Akina mama wachache, Dekha Ibrahim Abdi akiwa mmoja wao, walianzia hapo. Waliwakusanya wanawake wa koo zote, wakakubaliana kwamba soko ni la kila mtu, wakachagua wa kuangalia kila siku kama kuna anayenyimwa bidhaa kwa ajili ya ukoo wake. Kutoka soko wakaenda kwa wazee, na mwaka wa 1993 wazee wakatoa azimio la Al-Fatah. Vijana nao wakapata kikundi chao cha amani. Mwaka wa 1995 juhudi hizo zikaunganishwa kuwa Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, na Dekha alipewa tuzo ya Right Livelihood mwaka wa 2007, miaka minne kabla ya kufariki. Tunaowataka ninyi mwaige ni wale waangalizi wa soko. Klabu yako ina nani wa kuangalia kama kuna kijana anayenyimwa pasi uwanjani?

Lango letu wenyewe

Sasa tujiseme sisi. Tarehe 1 Julai 2012 makanisa mawili ya hapa mjini yalivamiwa wakati wa ibada ya Jumapili. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Baada ya hayo kila mahali pakawa na lango, mlinzi na kupekuliwa, na hatuombi radhi kwa kupekua watu. Lakini sisi tuliiweka klabu ya vijana wote nyuma ya lango hilo, kisha tukashangaa kwa nini kijana Mwislamu hafiki. Mlinzi anauliza, "Unatafuta nani?" Mgeni hamjui mtu, si ndiyo maana ni mgeni? Anajibu "hakuna", anarudi kwao. Ilichukua karibu miaka miwili ndipo mtu mmoja akatuambia, na aliyetuambia alikuwa mlinzi mwenyewe.

Dawa ilitoka kwa vijana. Kila Jumamosi wawili wao, Mwislamu na Mkristo, wanakaa na mlinzi wakiwa na daftari. Siku ya kuandikisha ikahamishiwa uwanja wa shule ya msingi. Tukaenda pia kwa wazazi, maana hofu ilikuwa kotekote: Mwislamu anaogopa mtoto wake atabadilishwa dini, Mkristo anaogopa mikusanyiko yoyote. Tuliwaambia waziwazi kwamba klabuni hakuna mahubiri, na saa ya swala mpira unasimama. Hawakuamini wote, lakini mzee mmoja aliwakumbusha wenzake kwamba baada ya mashambulizi ya 2012 viongozi wa Kiislamu walijitolea kutoa vijana wao wasaidie kulinda makanisa. Basi, akasema, kama tuliweza kulinda lango lao, mtoto anaweza kupita.

Pesa

Tusifichane, mara nyingi mlango unafungwa na pesa. Klabu moja ilikuwa na shamba la matikiti na vitunguu kando ya Tana. Vijana kumi na mmoja walichimba, wakabeba mabomba mabegani, wakalala shambani kufukuza nyani. Miaka miwili, wakaweka benki shilingi 46,000. Sasa anakuja mtu na kiingilio cha shilingi mia, na Desemba anataka mgao sawa na wao. Wangefurahi kweli? Hawakusema hapana. Walisema, "Fomu zimeisha." Fomu zilikuwa zimeisha kwa muda mrefu sana.

Tunawatetea wale kumi na mmoja, walikuwa na haki. Kosa lilikuwa kuchanganya vitu viwili. Klabu ni kitu kimoja: mpira, mafunzo, mikutano, na hapo kijana yeyote aingie bila kiingilio kwa miezi mitatu. Mfuko ni kitu kingine, na una daftari lake. Kabla ya kufungua mlango, hesabuni mfuko mbele ya wote, kila mmoja aandikiwe jasho lake. Anayeingia leo hisa zake zinaanza leo, hana dai juu ya za jana. Akina mama, ninyi mnayajua haya katika merigoraundi, hata huko kwa ayuuto: anayekuja katikati hapewi zamu iliyopita, anangoja mzunguko mpya. Lakini mwambieni tarehe ya mzunguko mpya. Asiyeambiwa tarehe anajua ameambiwa aende.

Novemba 2023 mto ulifurika, ukachukua pampu, mabomba na vitunguu vilivyokuwa karibu kuvunwa. Maji yalipopungua, kusafisha matope ilikuwa kazi ya watu thelathini. Wakabaki wale wale kumi na mmoja, na wawili wao walikuwa wagonjwa. Walioambiwa fomu zimeisha walikuwa na shughuli zao, nani awalaumu? Shamba lile halikulimwa tena.

Jambo jingine kwa haraka. Kuna klabu zinazodai kitambulisho siku ya kwanza. Ninyi mnajua kupata kitambulisho huku kulivyokuwa. Uchunguzi wa ziada kwa watu wa kaunti za mpakani ulitangazwa kufutwa na Rais Februari 2025, huko Wajir, lakini wapo waliokwisha kupoteza miaka, na wapo Wakenya ambao alama zao za vidole ziko katika daftari za wakimbizi tangu utotoni. Kitambulisho kiulizwe kwa wanaotia sahihi benki. Kwa kucheza mpira jina linatosha.

Wasichana

Kamati za wanaume watupu zinatuuliza, "Wasichana hawaji, tufanye nini?" Sisi tunauliza: choo kina mlango? Mwanamke anayesimamia ni nani, na mama wa yule msichana anamjua? Mnamaliza saa ngapi? Msichana wa bula ya mbali akitoka kwenu baada ya magharibi, hata akipenda klabu namna gani, hatarudi, na baba yake hatakuwa na makosa. Na jamani, msimsimamishe mbele ya wavulana arobaini ajieleze. Tumeona msichana akitokwa na machozi kwa "kukaribishwa" namna hiyo. Akae na wenzake, atasema atakapozoea.

Kabla ya chai tunaomba kila klabu ifungue daftari lake. Tafuteni majina matatu ya waliokuja mwaka huu wakaacha. Wiki hii nendeni kwao wawili wawili, mwulize, halafu mnyamaze msikie. Msiende kujitetea. Mkutano ujao mtatuletea majibu, hata yale yasiyopendeza.

Yule kijana wa stendi tulimwomba arudi. Alisema ataangalia, lakini Jumamosi ndiyo siku yenye magunia mengi, na mama anategemea. Jumamosi mbili zilizopita aliyekuja ni mdogo wake. Mwenyekiti mwenyewe alimwuliza jina, akaliandika vibaya, akasahihishwa. Kesho kutwa ni Jumamosi yake ya tatu, na kamati bado haijakubaliana apewe kazi gani.