Soma mita kabla ya kulia na bili

Msikilizaji wa Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa, njia ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako ilifika Songea mwaka 2018, na mkoa wetu ukaondokana na majenereta ya dizeli. Umeme tunao, matumizi yake ndiyo hatuyafuatilii, na hilo linatugharimu.

Chukua mashine ya kukoboa kahawa. Mota ya kilowati 15 ikifanya kazi kwa nguvu zake zote hula uniti 15 na ushee kwa saa. Ikizunguka tupu huku vibarua wakisubiri gunia lijalo, bado inakula, wala hakuna punje inayotoka. Mkanda uliolegea nao hupoteza nguvu.

Fundi, andika namba ya mita asubuhi na jioni, kisha gawanya uniti zilizotumika kwa magunia yaliyokobolewa. Jibu likipanda ghafla, kagua mkanda, beringi na chekeche. Nanyi wenye majokofu ya samaki Mbamba Bay, angalieni mipira ya milango isivujishe baridi.

Nunueni daftari leo, mlitundike kando ya mita.