Magonjwa Yanayodharauliwa na Hasara Yake Nyumbani
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wakristo na waalimu wa Madibira)



Tumepewa nafasi ya kusema machache katika siku hizi za jubilei. Wengine wamekwisha kusimulia habari za makanisa yaliyojengwa na shule zilizofunguliwa, nasi twafurahi pamoja nao. Lakini sisi makatekista, ambao kazi yetu ni kuingia nyumba hata nyumba, twaona jambo lisilosemwa katika sikukuu. Twaona nyumba zinazopungua. Hazikuchomwa moto, wala mvua haikukosa. Zapungua kidogo kidogo kwa sababu ya maradhi ambayo watu wameyazoea hata hawayaiti maradhi.

Wakuu wa afya huyaita magonjwa yasiyopewa kipaumbele. Idadi yake, kama Shirika la Afya Duniani linavyoyahesabu, yafika 20 na kupita. Mna kichocho, minyoo ya tumbo, matende, vikope, usubi, ukoma, na tegu wa nguruwe. Leo twataka kusema juu ya mawili tu, kichocho na tegu.

Kila mtu wa Madibira ajua neema ya maji. Mto Ndembera hulinywesha shamba letu kubwa la mpunga, lenye hekta 3,000 hivi, na kwa mpunga huo twala, twavaa, na twasomesha watoto. Lakini maji yayo hayo yaweza kuwa njia ya ugonjwa. Mwaka 1851, huko Misri, daktari Mjerumani aitwaye Theodor Bilharz alimgundua mnyoo mdogo akaaye ndani ya mishipa ya damu ya mtu. Baadaye wataalamu wakaitambua safari yake yote. Mgonjwa akikojoa au akienda haja majini, mayai ya mnyoo huanguliwa; wadudu wake huingia ndani ya konokono wa majini, wakaongezeka humo; baada ya majuma kadhaa hutoka na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini. Si lazima ayanywe maji hayo. Kutia miguu kwatosha. Na mkulima wa mpunga atapandikizaje asitie miguu?

Tuliijua nyumba moja, ambayo jina lake hatulitaji. Baba alikuwa na maumivu ya tumbo la chini, na mkojo wake ulikuwa na damu. Akanyamaza, akiona haya. Siku za kupandikiza zilipofika hakuweza kuinama mchana kutwa, ikambidi aweke vibarua. Fedha ya vibarua hakuwa nayo, akauza mpunga ungali shambani, kwa bei ya mnunuzi. Mpunga ulipotoa masuke, mtoto wa kiume akaondolewa shuleni kwenda kuamia ndege, maana baba alikuwa amelala. Wakati wa mavuno, magunia mengi yalikuwa ya watu wengine. Mwaka wa pili ulikuwa vivyo hivyo. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba; nasi tuliona haba na haba ikikimaliza kibaba kilichokuwa kimejaa.

Wala hayo hayakuwa yote. Mama naye alikuwa na kichocho, nacho kwa wanawake huweza kuumiza viungo vya uzazi, kikaleta damu na maumivu, pengine na utasa. Mumewe akadhani mkewe ametoka nje ya ndoa, akamrudisha kwao. Wazee waliitwa, maneno mengi yakasemwa, wala hapana aliyetaja ugonjwa. Sisi pia tulikuwapo katika baraza lile, nasi hatukuutaja, kwa kuwa hatukujua. Twaungama mbele yenu kwamba tulimhukumu mama yule kwa kosa lisilokuwa lake.

Waalimu wenzetu, tuna deni lingine. Mtoto mwenye kichocho na minyoo hupungukiwa na damu. Husinzia darasani, na somo la jana halikumbuki. Wangapi tumewaita wavivu? Wangapi tumewachapa? Na wavulana wengine wakiona damu katika mkojo huambiana ya kuwa ni dalili ya utu uzima, wakanyamaza.

Sasa tuseme juu ya tegu. Mtu akila nyama ya nguruwe yenye malengelenge meupe, kama punje za mchele, nayo haikuiva sawasawa, hupata tegu tumboni. Mayai hutoka katika choo chake. Nguruwe anayezurura huyala, na mtu pia huyameza kwa mikono michafu, kwa mboga, au kwa maji. Mabuu yatokayo katika mayai hayo yakifika kichwani mwa mtu, huota malengelenge katika ubongo, naye huweza kupatwa na kifafa, hata kama hakuonja nyama ya nguruwe maisha yake yote. Basi, jamaa huuza mbuzi na ng'ombe kwa kutafuta aliyeroga, mtoto huachishwa shule, binti hakosi kukataliwa uchumba. Na akianguka motoni, watu huogopa kumgusa, wakidhani povu lake laambukiza. Kifafa hakiambukizi kwa povu. Mtoeni motoni!

Dawa zipo. Ya kichocho yaitwa prazikwanteli. Humezwa mara moja baada ya kula, na shuleni hutolewa bila malipo siku za kampeni. Hata kifafa kina vidonge vya kukituliza, vikimezwa kila siku bila kuacha. Lakini prazikwanteli haimkingi mtu asiambukizwe tena. Akirudi katika maji machafu kesho, ugonjwa nao waweza kurudi. Kwa hiyo yatupasa kuchimba choo nyumbani, na kingine karibu na majaruba. Mtu asijisaidie mferejini. Nguruwe wafungwe bandani. Nyama iive hata ndani. Wazazi msiwafiche watoto siku ya dawa. Waalimu, mtoto anayesinzia apelekwe zahanati kwanza. Na wazee wa baraza, mama akiletwa mbele yenu kwa shitaka la namna ile, ulizeni kwanza kama amepimwa.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nasi twaongeza: kabla ya kifo, umaskini umekwisha kumuumbua. Yule mama alitibiwa baadaye, na mumewe akaenda mwenyewe kumwomba radhi na kumrudisha. Mtoto wao hakurudi shuleni. Umri ulikuwa umempita. Hiyo ndiyo hasara ambayo dawa haiponyi, na kwa ajili yake tumesimama leo kusema.