Mbao ya Paa Ikatwe Futi Ngapi?

Ndugu wanakisomo, leo tuzungumze juu ya paa. Nyumba yetu ina upana wa futi 24. Nusu yake ni 12. Kutoka usawa wa ukuta hadi kileleni tunataka futi 5. Je, mbao inayoshuka toka kileleni hadi ukutani iwe futi ngapi? Tukinunua za futi 12, haitafika hata moja, na fedha imekwenda!

Basi tupige hesabu. 12 mara 12 ni 144. 5 mara 5 ni 25. Jumla 169. Namba gani ikizidishwa kwa yenyewe inatoa 169? Ni 13. Hapo bado kuongeza ile ya kutokeza nje ya ukuta.

Lakini nguzo ya kati isimame wima, tuipime kwa timazi. Ikilala, hesabu hii haikubali.