Plaiwudi ya Slabu Isiishie Jikoni

Msikilizaji wetu wa Ziwa la Ng'ombe na Kisauni yote, leo tuzungumzie plaiwudi. Ghorofa zinaongezeka mtaani, na slabu ikishakauka, mbao zilizoshikilia zege huwekwa kando. Nyingine huishia jaa la Mwakirunge, nyingine jikoni, chini ya karai la mahamri.

Hapo jikoni ndipo penye hatari. Plaiwudi, chipbodi na MDF si mti mtupu. Zimeshikwa kwa gundi, na gundi nyingi zina fomaldehaidi, kemikali ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilikata kauli mwaka 2004 kwamba huleta saratani kwa binadamu. Tafadhali mama, usiipikie. Moshi wake huwasha macho na kifua, na watoto ndio wanaokaa karibu na jiko.

Ikijengewa tena ni jambo jingine. Karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni, nayo hubaki ndani ya ubao badala ya kuingia hewani, maadamu hauozi wala hauungui.

Kwa hivyo fundi, ng'oa misumari, kwangua saruji, kisha tazama kingo. Matabaka yakiwa yameachana kama kurasa za kitabu kilicholowa, ubao huo usibebeshwe zege tena, utafaa rafu. Chipbodi na MDF ziepushe na maji, maana unyevu wetu wa pwani huzivimbisha na kulegeza gundi. Unapozikata, fanyia kazi nje na uvae barakoa, kwani vumbi lake ni laini mno na hushuka hadi mapafuni.