Kuwatambua Walinzi wa Chakula na Dawa Zetu

Hotuba ya afisa afya mstaafu mbele ya wakazi wa kata



Nimeombwa niseme machache juu ya namna ya kuwatambua na kuwatuza wataalamu wanaosimamia usalama wa chakula na dawa. Nimeupokea mwaliko huu kwa furaha, na kwa hofu kidogo. Furaha, kwa sababu nimeifanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Hofu, kwa sababu ni kazi ngumu kuisifu. Fundi akijenga daraja, tutalivuka na kumtaja. Mkunga akizalisha salama, mtoto atalia na nyumba itajaa vigelegele. Lakini afisa aliyezuia gunia la unga wenye sumu lisifike sokoni ataonyesha nini? Watoto ambao wangeugua wako uwanjani wanacheza, na mama zao hawana habari kwamba palikuwa na hatari. Kazi hii ikifanyika vizuri, hakuna kinachotokea.

Basi kabla ya kuwasifu watu hawa, tuwajue. Katani kwetu yuko afisa afya, anayekagua migahawa, mabucha na mashine za kusaga. Machinjioni yuko mkaguzi wa nyama, anayeamka gizani ili agonge mhuri kabla nyama haijatoka. Wilayani yuko mfamasia, anayefuatilia maduka ya dawa. Nyuma yao ziko taasisi mbili za taifa. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, yaani TMDA, ina ofisi ya Kanda ya Magharibi hapa hapa Tabora. Shirika la Viwango, yaani TBS, ndilo lililokabidhiwa usalama wa chakula na vipodozi mwaka 2019. Kabla ya hapo kazi zote hizo zilikuwa chini ya TFDA, mamlaka iliyoanza mwaka 2003.

Sisi watu wa Tabora tuna sababu ya pekee ya kuwaheshimu wataalamu hawa, kwa kuwa mji wetu umekulia njiani. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika Unyanyembe, na wapagazi Wanyamwezi ndio waliobeba mizigo yake. Anayeishi njiani hula na kutumia vitu vilivyopita katika mikono asiyoijua. Mwaka 1867 David Livingstone, akiwa safarini kusini mwa Ziwa Tanganyika, alitorokwa na wapagazi waliochukua sanduku lake la dawa, akaendelea na safari bila kinga ya homa. Miaka mitano baadaye alikaa Kwihara kwa miezi kadhaa, katika tembe ambalo leo ni jumba la makumbusho, akisubiri watu na vifaa. Tofauti yake na mgonjwa wa leo ni moja: yeye alijua kwamba dawa hana. Mgonjwa aliyeuziwa dawa bandia anadhani anayo. Anakunywa, anasubiri nafuu, na ugonjwa unaendelea na kazi yake.

Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, njia ya wapagazi ilipata mrithi. Leo mizigo inakuja kwa treni, malori na mabasi. Urefu wa njia haujapungua, na mikono imeongezeka.

Ndugu zangu, nitatoa mifano mitatu ya watu waliosimama katika njia hiyo.

Wa kwanza ni wa mbali. Mwaka 1960, nchini Marekani, daktari Frances Kelsey alikuwa ndiyo kwanza ameanza kazi katika mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo. Mezani pake palifika ombi la kuidhinisha dawa ya thalidomide, ambayo Ulaya ilikwisha kutumiwa kama dawa ya usingizi na ya kutuliza kichefuchefu cha wajawazito. Kampuni ilimharakisha. Yeye alirudisha maswali: ushahidi wa usalama uko wapi? Akakataa kutia sahihi hadi ajibiwe. Mwishoni mwa mwaka 1961 ikafahamika kwamba dawa hiyo ilikuwa ikiharibu viungo vya watoto tumboni. Duniani watoto zaidi ya 10,000 walizaliwa na ulemavu, lakini Marekani iliepuka sehemu kubwa ya msiba huo. Mwaka 1962 Rais John F. Kennedy alimtunuku nishani. Tazameni alichotunukiwa: karatasi ambayo hakuitia sahihi.

Mfano wa pili ni wa nyumbani. TFDA ilipoanza mwaka 2003, mkurugenzi mkuu wake wa kwanza alikuwa mfamasia Margareth Ndomondo-Sigonda. Yeye na waliomfuata walijenga jambo lisilopigwa picha kirahisi: taratibu za kusajili dawa, wakaguzi, na maabara. Mwaka 2011 maabara hiyo ilitambuliwa na Shirika la Afya Duniani kuwa inafikia viwango vyake. Desemba 2018 shirika hilo hilo likatangaza kwamba mfumo wa Tanzania wa kudhibiti dawa umefikia ngazi ya tatu kati ya nne, nchi ya kwanza barani Afrika kufika hapo. Sifa hiyo ni ya wachunguzi wa maabara na wakaguzi wengi ambao majina yao hatutayasikia kamwe redioni.

Mfano wa tatu umeingia majumbani mwetu wenyewe. Profesa Martin Kimanya, wakati huo akiwa mtumishi wa TFDA, pamoja na wenzake, walikusanya sampuli 120 za mahindi yaliyohifadhiwa na kaya za vijijini katika mikoa minne: Iringa, Kilimanjaro, Ruvuma na Tabora yetu. Walichapisha matokeo mwaka 2008. Zaidi ya nusu ya sampuli zilikuwa na sumukuvu iitwayo fumonisini, na asilimia 18 zilikuwa na aflatoksini, sumu inayoharibu ini. Mahindi hayo hayakuwa ya kuuza. Yalikuwa chakula cha wenye nyumba, na uji wa watoto wao.

Miaka minane baadaye, mwaka 2016, familia za mikoa ya Dodoma na Manyara zilianza kuugua ghafla. Watu walitapika, wakavimba matumbo, macho yakawa ya manjano. Wataalamu walipofuatilia chakula chao, walikuta aflatoksini nyingi katika mahindi. Waliougua walikuwa 68, na 20 kati yao walifariki. Onyo lilikuwa limekwisha andikwa. Lilikuwa bado halijafika katika kila kihenge. Ndiyo maana nikiulizwa heshima kubwa ya mtaalamu ni ipi, nitajibu kwamba ni kusikilizwa kabla ya msiba. Cheti kinakuja baadaye.

Sasa nije kwenye vyeti. Wahenga walisema, mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Methali hiyo inatuhusu leo mara mbili, kwa kuwa kulitia tembo maji ni kosa la usalama wa chakula, na chanzo chake hapo ni sifa. Naomba niungame jambo. Nilipokuwa kijana kazini, katika wilaya moja ambayo sitaitaja, niliteketeza shehena ya vyakula vilivyopitwa na muda. Wapiga picha walikuja, moshi ukapanda, na mwisho wa mwaka nikapewa cheti. Mwenzangu wa kata jirani hakuteketeza chochote. Tangu Januari alikuwa amepita duka kwa duka, akiwafundisha wenye maduka kusoma tarehe, kuuza kwanza kilichotangulia kuingia, na kurudisha mapema kwa wauzaji wa jumla kilichokaribia mwisho wa muda wake. Dukani kwao hapakuwa na cha kuchoma. Hakupewa cheti, nami nikanyamaza. Mwaka uliofuata nilijikuta nikisubiri bidhaa ziharibike ili nipate moshi wangu. Tembo lilikuwa limekwisha ingia maji.

Kwa sababu hiyo, nawaomba viongozi wetu, kata hii itakapochagua wa kuwatuza, tusihesabu magunia yaliyochomwa wala faini zilizotozwa. Tuulize maswali matatu.

La kwanza: je, mtaalamu huyu huandika anachokiona, hata kama hakuna anayemuuliza? Kumbukumbu ndogo ya leo ndiyo itakayoonyesha kesho kwamba tatizo linakua.

La pili: je, anaweza kusema hapana kwa anayemfahamu? Kumfungia mgeni duka ni rahisi. Kumwambia shemeji yako kwamba dawa zake hazina usajili, hapo ndipo uadilifu unapopimwa.

La tatu: je, anafundisha kabla ya kuadhibu? Mama lishe ambaye mtaji wake wote uko kwenye sufuria mbili hana uwezo wa kupoteza siku moja. Akifundishwa kutenganisha nyama mbichi na chakula kilichoiva, na kunawa kwa maji tiririka, amelindwa yeye na wateja wake.

Na sisi wakazi tuna sehemu yetu. Mahindi yetu tuyaanike juu ya turubai au mkeka, tuyaweke ghalani yakiwa yamekauka kabisa, juu ya chaga, mbali na ukuta. Tuchambue punje zilizoota ukungu, zilizovunjika na zilizobadilika rangi, wala tusizipeleke kwa kuku wala kwenye pombe, kwa sababu kupika hakuiondoi sumu hiyo. Dawa tununue kwenye maduka yenye kibali, si mnadani wala stendi. Tuangalie kifungashio na tarehe, tudai risiti. Dawa ikikudhuru au usipoona nafuu, rudi zahanati useme, ukiwa na kifungashio chako. Mkaguzi hawezi kuwa katika kila nyumba; macho yake mengine ni sisi.

Mwisho, nina ombi dogo. Afisa afya wa kata akipita kesho kwenye mgahawa wako, usimwone adui wala usimwandalie soda ili aondoke haraka. Mfungulie jiko, mweleze unapokwama, na akikosea mwambie kwa adabu. Yule mwenzangu wa kata jirani alistaafu bila cheti. Nilipomtembelea, aliniambia kwamba baadhi ya wenye maduka bado wanampigia simu wakiwa na shaka juu ya bidhaa fulani. Aliyasema hayo akitabasamu, nami nikafahamu ni nani kati yetu wawili aliyekuwa ametuzwa.