Maana na Matumizi ya Neno "Utamadunisho"

(Mada iliyotolewa katika Jubilei ya Miaka 100 ya Usharika)



Kiswahili kinayo maneno mawili jirani yapasayo kutenganishwa. La kwanza ni kustaarabu. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni kufanana na Waarabu, yaani mtu kuziacha desturi zake na kuzivaa za mwingine. La pili ni utamadunisho, litokalo katika neno utamaduni. Hapa mwenye kuhama si mwenyeji bali ujumbe: Injili huingia nyumbani mwa watu, huketi katika kigoda chao na kunena kwa lugha yao. Neno hili limezoeleka zaidi katika maandishi ya ndugu Wakatoliki, lakini jambo lenyewe si geni kwa Walutheri.

Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Bruno Gutmann aliwafuata mwaka 1902, akahudumu miongoni mwa Wachagga, kwa vipindi, hadi mwaka 1938. Aliamini kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo alivyovitoa Mungu, akataka usharika ujengwe juu yake. Hata hivyo, baadhi ya Wakristo Wachagga hawakukubali yote. Waliokwisha kuziacha baadhi ya mila hawakutaka kurudishwa. Funzo lake ni zito: mgeni aweza kuupenda utamaduni kwa dhati, lakini hawezi kumwamulia mwenyeji.

Mwaka 1996 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilitoa Tamko la Nairobi kuhusu ibada na utamaduni. Tamko hilo lataja mambo manne: ibada huzivuka tamaduni zote, huchukua sura ya mahali, hukosoa yaliyo kinyume cha Injili, na hushirikisha tunu za watu mbalimbali. Kwa hiyo, utamadunisho si kukubali kila cha kale. Jani la isale, ambalo Mchagga hulipeleka kuomba msamaha, lakubaliana na upatanisho wa Kristo. Desturi imnyimayo mjane haki yake haikubaliani nao.

Swali la karne ya pili laelekea kuwa gumu zaidi. Nyimbo zilizotoka Ujerumani sasa huhesabiwa na wazee kuwa urithi wao wenyewe, na mapigo ya vijana ndiyo huitwa mageni. Wengi wa vijana hao hawakulelewa kihambani; lugha yao ya sala ni Kiswahili cha mjini. Wazee waliopokea Injili kwa lugha ya mama zao wana deni la kuwaruhusu wajukuu waipokee kwa lugha yao. Nao vijana wana deni la kuuliza, kabla ya kubadili, kilichowafanya wazee waimbe.

Usharika utakaolipa madeni hayo mawili utakuwa umelielewa neno hili. Bwana aubariki.