Kidonge Kinachozima Protini Iliyoasi

Msikilizaji, mwilini mna protini ziitwazo kinasi, zinazopitisha amri seli zigawanyike. Moja ikiharibika, seli nyeupe za damu huzaliana ovyo: ndiyo saratani ya damu iitwayo CML. Watafiti hupandikiza jeni ya binadamu kwenye bakteria au seli za wadudu, huvuna kinasi hiyo, kisha huijaribia dawa. Kwa majaribio ya namna hii ilipatikana imatinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001. Ni kidonge cha kumeza nyumbani, kila siku.

Sasa, hili linamhusu vipi mchimbaji dhahabu wa Makongolosi, wilayani Chunya? Kwa miaka mingi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, imewapa wagonjwa dawa hiyo bure, kwa msaada wa wafadhili. Lakini kutoka Chunya unashuka kwanza Mbeya, ndipo uanze safari ya zaidi ya kilomita 800. Nauli hiyo haina mfadhili.

Wapo wasemao fedha za umma ziende kwanza kwenye malaria na uzazi salama. Hoja nzito. Kwa upande mwingine, anayekatiza dozi huweza kurudiwa na ugonjwa, na kwangu hilo halivumiliki. Je, nani abebe gharama ya kumfikishia mgonjwa kipimo na kidonge karibu na kwake?